Haliumi, Liache: Uongo Tunaoupenda

Kuna semi mbili zinazotawala vinywa vya watu wa mjini. Ya kwanza: dawa ya jino ni kung'oa. Ya pili: haliumi, liache. Zinasemwa kijiweni, zinasemwa ndani ya daladala, zinasemwa na mama ntilie huku anapakua wali, na mara nyingi zinasemwa na mtu yule yule katika mchana mmoja. Ukiziweka pamoja unapata sheria kamili: jino likiuma ling'olewe hata kama lingeweza kuzibwa, na likinyamaza liachwe hata kama limeoza mpaka mfupani. Yaani hakimu ni maumivu. Yakipiga kelele, koleo linatembea. Yakinyamaza, mshtakiwa yuko huru, anarudi nyumbani kutafuna miwa.

Mimi nasema hakimu huyo ni kipofu. Nasema pia, kabla hamjanirukia, kwamba daktari anayetaka kung'oa jino lisilouma anadaiwa sababu, tena sababu ya kusemwa kwa Kiswahili na kuonyeshwa kwa kidole. Makala haya yana ugomvi na pande zote mbili: mgonjwa asiyetaka kusikia na daktari asiyetaka kusema. Anayetafuta maneno ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, afungue ukurasa mwingine.

Tuanze na mgonjwa, maana mgonjwa ndiye sisi.

Jino si kipande cha jiwe kilichochomekwa kwenye nyama. Nje lina gamba gumu kuliko mfupa wowote mwilini, na gamba hilo halina fahamu. Chini yake kuna tabaka la pili, laini kidogo, na katikati kabisa kuna tundu lenye nyama, damu na mishipa ya fahamu. Hicho ndicho kiini cha jino. Uozo ukiwa bado kwenye gamba husikii kitu. Ukifika tabaka la pili unaanza kuruka ukinywa maji ya friji. Ukigusa kiini, hapo ndipo usiku unapokuwa mrefu: mtu anazunguka chumbani, anabana karafuu kwenye tundu, anasukutua maji ya chumvi, anameza vidonge alivyoachiwa na jirani. Halafu, asubuhi moja, kimya. Jino limetulia. Mtu anamshukuru Mungu, anaisifu karafuu, anawasimulia wenzake.

Kimetokea nini? Kiini kimekufa, basi. Mshipa uliokuwa unapiga kelele umeoza pamoja na nyama yake. Vijidudu sasa havina wa kuvipigia yowe. Vinashuka taratibu ndani ya mzizi, vinatokea kwenye ncha, vinaingia kwenye mfupa wa taya na kujijengea huko kifuko cha usaha. Kifuko hicho kinaweza kukaa miezi, kinaweza kukaa miaka, kikijitoboa kijitundu kidogo kwenye ufizi ambacho mwenyewe anakiita kipele. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tumeusikia msemo huo tukidhani unahusu watu wapole tu.

Mshindo wenyewe una jina. Mwaka 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliandika habari za uvimbe unaoanzia chini ya ulimi, ukajaza pande zote mbili chini ya taya, ukausukuma ulimi juu na nyuma, hata mgonjwa akashindwa kumeza, mwisho akashindwa kupumua. Mara nyingi sana uvimbe huo unaanzia kwenye mzizi wa gego la chini. Kabla ya kupatikana kwa dawa kama penisilini uliua zaidi ya nusu ya waliopatwa nao. Mpaka leo unaleta watu hospitali usiku wa manane, shingo imekakamaa kama gogo, na ndugu zao wanasema kwa mshangao: "Lakini lile jino lilishapoa."

Kwa hiyo daktari akitazama picha ya eksirei na kuona kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, anaona kitu ambacho ulimi wako hauwezi kukuambia. Hapo ana njia mbili. Moja ni kulitibu jino kwa ndani: kulitoboa, kusafisha mizizi, kuijaza dawa, kulijengea juu. Nyingine ni kulitoa. Kama juu limeliwa mpaka chini ya ufizi na hakuna tena pa kujengea, au mzizi umepasuka kwa urefu kama ubao wa mninga uliopigwa jua, njia ya kwanza imekufa. Jino halijaumi na halitaachwa. Anayesema "haliumi" wakati huo anasifia ukimya wa maiti.

Njia ya pili ya kupoteza jino bila kelele ni ufizi. Hapa hata tundu halipo. Jino ni jeupe, zima, la kupigia picha ya pasipoti. Lakini ukoga ambao haukupigwa mswaki umegeuka ugaga, mgumu kama saruji, umejibana kati ya jino na ufizi, na mwili katika kupigana nao unakula mfupa wake wenyewe. Mfupa unapungua, jino linabaki limesimama kama nguzo ya umeme ambayo mvua imechimba udongo wake. Dalili kubwa ni damu kwenye mswaki, na damu hiyo sisi tunaisingizia ugumu wa mswaki. Mvutaji wa sigara hata hiyo damu haioni sana, kwa kuwa sigara inabana mishipa ya ufizi na kuificha dalili. Mwenye kisukari mfupa wake unaliwa haraka zaidi, na ufizi mbovu nao unaifanya sukari yake iwe ngumu kutulia.

Ugonjwa huu ukikamatwa mapema unatulizwa kwa kusafishwa, wala hakuna haja ya koleo. Ukichelewa, jino linaanza kucheza huku na huku, halafu juu na chini, kama kijiti ndani ya chupa. Daktari akisema litoke, hasemi kwa kulionea jino. Anautetea mfupa uliobaki, ambao meno ya jirani bado yanautegemea.

Ya tatu ni gego la mwisho, lile linalochelewa kuja, kati ya miaka 17 na 25 hivi, umri wa wengi mnaosoma jarida hili. Taya likiwa dogo gego hilo linakosa kiti, linafanya kama abiria wa mwisho kwenye daladala la Mbagala: linaingia kiubavu, linawaegemea wenzake. Likilala kabisa ndani ya mfupa bila kumgusa mtu, na picha ikaonyesha pametulia, linaweza kukaa humo mpaka uzee. Likichomoza nusu, chakula kinajificha chini ya kikofia cha ufizi, panavimba, panapoa, panavimba tena. Likimwegemea jirani, linamwozesha jirani: gego zima, la kutafunia miaka 50 ijayo, linaharibika kwa nyuma, mahali ambapo mswaki haufiki. Na mara chache kile kifuko kinachozunguka gego lililolala kinajaa maji, kinakuwa uvimbe unaotafuna taya kimyakimya, mpaka siku moja uso umepinda na watu wanaanza kutaja uchawi.

Sababu ya nne haimo hata kinywani. Mgonjwa wa saratani ya koo au ya ulimi anayesubiri mionzi, tuseme pale Ocean Road, Dar es Salaam, hutakiwa kwanza kukaguliwa meno. Ndugu zake wanashangaa: mtu ana saratani, ninyi mnahesabu meno! Lakini mionzi ikishapita kwenye taya, mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa inaharibika, na jino likija kung'olewa baadaye kidonda kinaweza kugoma kupona, mfupa ukafa. Kwa hiyo jino lililokwisha kuharibika hung'olewa kabla, hata kama halijauma, kidonda kipewe wiki mbili tatu za kufunga. Ni hivyo hivyo kwa anayekwenda kuwekewa vali ya moyo, maana vijidudu vya kwenye mzizi vikiingia kwenye damu vinaweza kwenda kufanya kiota kwenye vali hiyo. Ni hivyo hivyo kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaoanza dawa kali za kulinda mifupa: tangu mwaka 2003 madaktari wameandika habari za mataya yaliyokufa baada ya mtu kung'olewa jino akiwa kwenye dawa hizo.

Ipo na ya tano, nyepesi kuliko zote, ya kupanga meno. Mtoto meno yamebanana kama watu kwenye foleni ya mafuta ya taa, daktari anashauri magego madogo mawili au manne yatolewe ili mengine yavutwe kwa waya yakae sawa. Hapo uhai wa mtu haumo hatarini, na mzazi ana haki ya kubishana mpaka kesho asubuhi.

Hizo ndizo sababu. Sasa namwona mshikaji mmoja wa benchi la nyuma ananyoosha mkono: "Wewe unatuhubiria tu. Kwani hao hao madaktari si ndio waliowang'oa watu meno mazima?"

Kweli kabisa, na nitamwongezea ushahidi maana alio nao ni mdogo.

Mwaka 1910 daktari wa Uingereza, William Hunter, alitoa mhadhara Montreal, Kanada, akayatupia lawama meno yenye uchafu uliojificha kwamba ndiyo yanayozaa magonjwa chungu nzima ya mwili. Wazo lilikuwa na chembe ya ukweli, lakini liliwapanda watu kichwani. Huko New Jersey, Marekani, Henry Cotton, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton kuanzia 1907 mpaka 1930, aliamini kwamba wazimu unatokana na vijidudu vilivyojificha. Akaanza kung'oa meno ya wagonjwa. Wasipopona, anaendelea: mafindofindo, tumbo, utumbo mpana. Watu walikufa. Yeye akatangaza duniani kwamba anawaponya wengi. Daktari Phyllis Greenacre alipotumwa kukagua kumbukumbu katika miaka ya 1920 alikuta mambo kinyume kabisa, na taarifa yake ikafungiwa kabatini. Na kinachotisha zaidi, Cotton hakuwa tapeli. Meno ya mkewe na ya wanawe yaling'olewa kwa imani hiyo hiyo, na yake mwenyewe pia. Mtu mkweli mwenye koleo na wazo moja tu kichwani ni wa kuogopwa.

Mnasema hayo ya zamani? Mwaka 2000 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya matibabu, NICE, kiliwaambia madaktari wa huko waache kung'oa magego ya mwisho yaliyolala yasiyo na ugonjwa wowote, kwa kuwa faida yake haikuthibitika, na madhara yake yapo: maumivu, uvimbe, na wengine kubaki na ganzi ya mdomo au ulimi. Mwaka 2007 daktari wa meno Mmarekani, Jay Friedman, aliandika katika jarida la afya ya jamii la nchini kwake kwamba Wamarekani wapatao milioni 5 walikuwa waking'olewa magego ya mwisho milioni 10 kila mwaka, na kwamba angalau theluthi mbili ya kazi hiyo haikuwa na lazima. Fedha, bwana. Jino lisilouma linaweza kuwa shamba la mtu.

Wala tusikimbilie Marekani kutafuta kisa. Hapa hapa kwetu kuna meno ya plastiki. Mtoto wa miezi sita anaharisha, ana homa, hanyonyi. Ufizi wake una vimbe ndogo nyeupe mahali ambapo chonge zitatokea, kama ilivyo kwa kila mtoto aliyezaliwa na binadamu. Anatokea fundi mtaani anasema hayo ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomuua. Anayachimbua kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli, bila ganzi, anawaonyesha wazazi kitu laini cheupe: "Si mnaona, plastiki!" Kile kitu ni jino lenyewe ambalo halijakomaa. Waganda wanayaita ebinyo, na kisu ni kile kile. Mtoto anapoteza damu, anaweza kupata pepopunda, jeraha linaweza kuoza, na ile malaria au kuhara kulikomuumiza kunaendelea bila dawa. Hilo ndilo jino lisilouma lililong'olewa bila sababu, na waliolipia ni wazazi wenye mapenzi.

Na kuna sababu nyingine ya bandia, aibu. Kijana anatoka Arusha au pande za Mlima Meru, meno yana rangi ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi iliyokuwa kwenye maji aliyokunywa utotoni. Akifika Dar wanamtania, anataka yale ya mbele yatoke yote awekewe ya bandia meupe. Jino la kahawia linaweza kuwa imara na kutafuna mpaka mtu awe babu. Wazee walishasema jino la pembe si dawa ya pengo.

Wapo watakaoniuliza habari za Wamasai waliotoa meno mawili ya chini ya mbele, na Wajaluo waliotoa sita. Nitawajibu hivi. Siitetei mila hiyo, wala sitaki irudi. Lakini kijana wa zamani aliyekaa chini kung'olewa alijua kwa nini: alikuwa anaingia kwenye ukubwa, anawekewa alama ya kwao, na Mmasai aliambiwa zaidi kwamba pepopunda ikimkaza taya atalishwa kwa pengo lile. Sababu yake ilisemwa mbele ya watu, kwa lugha ya mama yake. Sasa nitajieni msomi mmoja wa mjini aliyetoka kliniki na pengo, mkimuuliza kwa nini limetoka, akaeleza zaidi ya "dokta kasema".

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu halisi. Pande zote mbili zinakwepa sababu. Mgonjwa anajificha nyuma ya "haliumi", daktari anajificha nyuma ya koti jeupe.

Na kuna kitu cha tatu kinachojificha nyuma ya wote wawili, umaskini. Kung'oa ni rahisi na ni haraka: sindano ya ganzi, koleo, pamba, kwaheri. Kutibu mizizi kunataka vifaa, eksirei, safari mbili tatu, na fedha mara kadhaa zaidi. Kwenye vituo vingi vya afya vya kwetu kilichopo ni koleo. Kwa hiyo mtu anaambiwa "hili la kung'oa", anaondoka akiamini kwamba jino lake lilikuwa limekwisha. Ndugu zangu, kuna sentensi mbili ambazo ni lazima tujifunze kuzitenganisha. Moja inasema: jino hili haliwezi kuokolewa. Nyingine inasema: jino hili sisi hapa hatuna vifaa vya kuliokoa. Ya kwanza ni hukumu ya udaktari. Ya pili ni hukumu ya bajeti. Zikisemwa kwa neno moja, "ng'oa", bajeti inavaa koti la udaktari na hakuna anayeipigia kelele. Mgonjwa aliyeambiwa ya pili anaweza kuuza kuku, anaweza kukopa kwenye mchezo wa wiki, anaweza kwenda hospitali ya mkoa. Anaweza hata kumuuliza mbunge wake kwa nini wilaya nzima haina mashine. Aliyeambiwa "ng'oa" anafungua mdomo tu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2022 ikisema karibu watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Karibu nusu ya binadamu wote! Haya si mambo ya wachache wazembe wasiopiga mswaki.

Basi tufanyeje? Mimi sina koleo, nina maswali. Ukiambiwa jino lako lisilouma litoke, mwamkie daktari kwa adabu zote, shikamoo yake umpe, halafu umuulize. Dokta, umeona nini? Naomba unionyeshe kwenye picha. Likiachwa litafanya nini, na kwa haraka gani, wiki hii au miaka kumi? Linaweza kuokolewa hapa, au mahali pengine? Likitoka, pengo litafanywaje, maana meno ya jirani huegemea penye nafasi? Na kung'oa kwenyewe kuna hatari gani kwangu, mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye mimba, mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande?

Daktari mzuri hatakasirika. Atavuta kiti, ataweka picha kwenye mwanga, atasema: "Tazama hapa, mwanangu, hiki cheusi." Ukiona, ukaelewa, basi acha ukaidi wako wa kijiweni na ulitoe. Sababu nzuri ikishasemwa, kung'ang'ania "lakini haliumi" ni utoto. Na kama anayeulizwa anafoka, anakwambia wewe si daktari, anakuharakisha kwa kuwa foleni ni ndefu, funga mdomo wako kwa upole, mshukuru, ukatafute macho mengine mawili. Kama hakuna uvimbe, hakuna homa, hakuna shida ya kumeza wala kufungua mdomo, siku chache za kutafuta maoni ya pili hazitakuua. Kama vipo, usiende kutafuta maoni, kimbia hospitali hiyo hiyo saa hiyo hiyo.

Najua kuna mtu anauliza tangu mwanzo: jarida la hadithi na mashairi, meno yanakujaje? Yanakuja hivi. Daktari wa kwetu amefundishwa kwa Kiingereza, anaandika cheti kwa Kiingereza, na akitaka kumweleza mama wa Manzese kwamba kiini kimekufa na mfupa unaliwa, anatafuta maneno hayaoni, mwisho anasema "hili bovu, mama, tulitoe". Mara nyingine anayefoka ni mtu aliyekosa maneno. Na maneno yapo! Kiini, mzizi, ufizi, ukoga, ugaga, chonge, gego, taya, usaha, ganzi: lugha yetu imejaa kinywa kizima. Yamekaa kwenye kamusi, yanasubiri mtu wa kuyatembeza.

Mtu huyo ni nani kama si wewe unayejiita mwandishi chipukizi? Kila hadithi ya meno ninayosomeshwa na vijana ni ile ile: jino linauma, shavu limevimba, fundi anakuja na koleo, watu wanacheka. Hakuna anayeandika habari za jino lililonyamaza. Hakuna anayemwandika binti wa miaka 20 anayeambiwa na daktari kwamba jino lake jeupe la mbele linaondoka, na nyumbani mama mkubwa anasema wamemroga. Hakuna anayeandika habari za baba anayetakiwa kung'olewa meno sita kabla ya mionzi, naye anaona saratani imemchukua sauti, sasa wanataka na tabasamu. Mnangoja maumivu yapige kelele ndipo mshike kalamu, kama vile mnavyongoja yapige kelele ndipo mwende kliniki. Fasihi inayofuata kelele tu nayo imemfanya maumivu hakimu.

Semi mbili nilizoanza nazo zilitungwa na mtu, na mtu anaweza kuzitungua. Tungeni nyingine, zenye kupendeza mdomoni kuliko hizo, zipande daladala, zikae kijiweni, zisemwe na mama ntilie. Mpaka mtakapozipata, mimi natembea na hili swali langu moja, nalo mnaweza kuliazima bure mkienda kwa bwana meno, liwe linauma au haliumi: "Dokta, kwa nini?"

Mkishauliza, msikilize.